Sentimita 3, 4, 5: nilivyoiona kozi ya walezi wa wanafunzi wa uuguzi, Ngong Road

Nililipa shilingi 12,500 za mfukoni mwangu kwa sababu ya mwanafunzi mmoja aliyeacha kuniuliza maswali.

Ilikuwa zamu ya usiku mwaka jana, leba, yaani wodi ya kujifungulia, ya hospitali moja ya umma hapa Nairobi. Msichana wa miaka 19, mimba ya kwanza, aliletwa na mama mkwe wake kwa teksi, presha iko juu, na kabla hatujamlaza vizuri mwili wote ukaanza kutetemeka. Kifafa cha mimba. Nikaita trei ya magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege hilo. Mwanafunzi wangu, kijana wa mwaka wa tatu, mpole na nadhifu, alikuwa amesimama kando ya trei, chupa ya dawa mkono mmoja. Mkono wa pili ukaingia mfukoni ukatoka na simu. Nikamfokea mbele ya mama mkwe, mbele ya mama wa usafi, mbele ya kila mtu: “Weka hiyo simu! Mtu anakufa na wewe uko kwenye simu!”

Akaiweka. Dawa nikachanganya mwenyewe: mililita 8 za magnesiamu ya asilimia 50, mililita 12 za maji ya sindano, jumla 20, ndani yake gramu 4, unazisukuma mshipani polepole. Kisha gramu 5 kila tako. Hesabu hiyo naijua kama jina langu. Msichana alitulia, alfajiri akajifungua, na siku chache baadaye wote wawili walienda nyumbani.

Tulipokuwa tukiandika ripoti ya asubuhi, mwenzangu alinivuta kando. Alikuwa ameiona simu ya yule kijana kabla hajaifunga. Ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa wa mwongozo wa kuchanganya magnesiamu: 8, 12, 20. Alikuwa anahakikisha kabla ya kuvuta dawa, jambo ambalo mimi mwenyewe nimewaambia wanafunzi mara mia walifanye.

Kijana huyo alibaki kwetu wiki nne zaidi. “Ndiyo Sista.” “Sawa Sista.” Kazi alifanya, daftari lake la taratibu akalileta niweke sahihi, lakini swali hakuniuliza tena hata moja. Mwanafunzi akinyamaza leba, sina njia ya kujua asichokijua mpaka siku atakapokikosea juu ya mwili wa mtu.

Huu ni mwaka wangu wa 28 kazini. Nimelea wanafunzi karibu miaka 20 ya hiyo, na sikuwahi kufundishwa kufundisha. Niliwekwa mlezi kwa sababu nimekaa sana wodini, basi. Wengi wetu ndivyo tulivyoanza. Kwa hiyo tangazo la kozi lilipoletwa kwenye kundi letu la WhatsApp, likiahidi kutusaidia “kuishi na kizazi kipya wodini”, nilituma nusu ya malipo kwa M-Pesa usiku huohuo.

Ni Jumamosi nne, kuanzia saa mbili unusu asubuhi hadi saa kumi alasiri, ghorofa ya tatu ya jengo moja Ngong Road. Unashuka Adams, unatembea dakika tano. Jina la wanaoiendesha siliandiki kwa sababu nina madai nao ambayo hatujayamaliza, nitayafikia. Wauguzi wenzangu wanaotaka kujiandikisha waniulize tukionana. Tulikuwa walezi 24, kutoka hospitali za kaunti, za misheni na za watu binafsi. Kuanzia Jumamosi ya pili wakaletwa wanafunzi tisa wa vyuo mbalimbali, ambao hawakulipishwa chochote. Kuwaketisha walezi na wanafunzi meza moja ndilo jambo la maana kuliko yote ambayo kozi hii imefanya. Chai ya saa nne ina maziwa ya kutosha na mandazi ya moto. Chakula cha mchana unajinunulia, na kibanda kilicho nyuma ya jengo kina chapo madondo nzuri, yaani chapati na maharagwe.

Jumamosi ya kwanza nusura nidai pesa zangu. Mwezeshaji, kijana mwenye bidii na sauti nzuri, alituonyesha jedwali kwenye projekta: waliozaliwa 1946 hadi 1964 wako hivi, 1965 hadi 1980 wako hivi, 1981 hadi 1996, kisha 1997 hadi 2012. Wa kwanza wanapenda barua, wa mwisho wanapenda video. Wa kwanza wanaheshimu cheo, wa mwisho wanataka kuelezwa sababu. Akasoma jedwali hilo mstari kwa mstari hadi saa sita.

Miaka hiyo imekatwa Marekani. Kizazi chao cha kwanza kimepewa jina kutokana na watoto wengi waliozaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, askari walipokwisha kurudi makwao. Mamangu alizaliwa Murang’a mwaka 1952, mwaka ambao hali ya hatari ilitangazwa Kenya. Utoto wake ulipita katika kijiji kilichozungushiwa handaki, na babake alikuwa kizuizini. Ukimtia katika kisanduku kimoja na mtoto wa Chicago wa mwaka uleule, hujaniambia lolote juu yake. Muuguzi mmoja wa hospitali ya misheni, mama mzima kuniliko, aliinua mkono akauliza: “Na sisi tuliosoma kabla ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 kuanza 1985, tuko safu gani?” Mwezeshaji alirudi kwenye slaidi iliyotangulia, akaitazama, akasema tutalijadili baada ya chai. Hatukulijadili.

Inaniuma kwa sababu sisi wauguzi wa nchi hii tuna mipaka yetu ya vizazi, na iko wazi. Mimi nilisoma miaka ya tisini. Wodi za magonjwa ya ndani zilikuwa na wagonjwa wawili kitanda kimoja, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, na UKIMWI haukuwa na dawa tunayoweza kumpa mtu. Serikali ilipoutangaza kuwa janga la kitaifa mwaka 1999 tayari nilikuwa nimefunga macho ya wagonjwa wengi wa umri wangu. Glavu tulikuwa tunaziosha, tunazianika kwenye kamba, tunazipaka poda, tunazivaa tena. Ukijidunga sindano unaenda kukaa nyuma ya stoo na kulia, kisha unarudi kazini. Sista aliyetulea alikuwa akitupiga vidole kwa mkasi uliofungwa tukishika kitu vibaya. Tulimwogopa, na tulijua kwamba anatuogopea. Ukali wangu nimeutoa hapo. Yule kijana wa simu amezaliwa wakati dawa za kurefusha maisha zinaanza kupatikana katika hospitali zetu. Glavu kwake ni kitu cha kutupa. Akisikia ukali wangu anasikia matusi tu, maana kile kilichouzaa hakukiona.

Wapo pia waliokuwa vyuoni mwaka 2017, wauguzi walipogoma kuanzia Juni hadi Novemba, wakapangiwa wodi ambazo hazikuwa na muuguzi wa kuwafundisha wala mgonjwa wa kujifunzia. Wapo wa 2020, vyuo vilipofungwa Machi kwa korona, waliojifunza kufunga kidonda kwa kutazama skrini ya simu katika chumba kimoja na ndugu watatu. Ukikutana wodini na muuguzi wa mwaka huo ambaye mikono yake ina wasiwasi, hiyo ndiyo sababu, na wala hakuna haja ya kujua anapenda barua au video. Kama waandaaji watasoma haya, nawaomba watupe lile jedwali na wakae nasi asubuhi moja tuwaandikie letu.

Jumamosi ya pili ikawa kitu kingine kabisa. Aliingia matroni mstaafu, mwanamke mfupi wa miaka sabini hivi, sweta ya buluu, saa imebandikwa kifuani kama zamani. Projekta hakuiwasha. Alibandika karatasi tatu ukutani, moja imeandikwa 3, moja 4, moja 5, akasema: “Mama ana uchungu. Mlango wa uzazi umefunguka sentimita ngapi ndipo unaanza kumpima kwa mstari wa patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu? Nenda usimame kwenye namba uliyofundishwa chuoni. Siyo unayoijua leo. Uliyofundishwa.”

Tukasimama. Kwenye 3 tulikuwa saba, wote tuna mvi au tumezipaka rangi. Kwenye 4 walijaa walezi wengine karibu wote. Kwenye 5 walikwenda wanafunzi wote tisa na wauguzi wawili waliomaliza chuo juzijuzi. Hakuna mtu aliyesema neno kwa muda, tunatazamana tu kutoka pembe tatu za chumba.

Ndipo akaeleza. Patografu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1994 ilianza kuhesabu uchungu ulioshika kasi kwenye sentimita 3. Ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2000 ikahamia 4. Mapendekezo ya mwaka 2018, na mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu uliotoka 2020, yakahamia 5, na ile sheria ya kutaka mlango ufunguke sentimita moja kila saa ikalegezwa, kwa sababu ilionekana wanawake wengi huenda polepole zaidi ya hapo na wao na watoto wao wakawa salama. “Nani hapa alidanganywa na mwalimu wake?” akauliza. Hakuna. Kila mmoja alipewa kilichokuwa kweli siku hiyo, akakishika kwa nguvu kwa sababu alikiamini kuwa ndicho kinachookoa watu.

Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba hadi leo. Mlezi wa 3 akimkuta mama yuko sentimita 4 anaona saa zinakwenda, anataka kupasua chupa ya maji, anataka dripu ya oksitosini ya kuongeza uchungu. Mwanafunzi wa 5 anaona mama bado hajafika mahali pa kuharakishwa, anasema “bado”. Mlezi anasikia uvivu, au ujeuri. Mwanafunzi anaona mzee asiyesoma. Hakuna anayemwambia mwenzake namba yake.

Mimi nimeshawahi kuambiwa “Sista, nafikiri bado,” na msichana wa mwaka wa pili. Nilimjibu: “Wewe umezaa wangapi?” Kila mlezi aliyekuwa ndani ya chumba kile amewahi kulisema neno hilo, kwa maana matroni alituuliza na mikono ikainuka yote. Linafunga mdomo papo hapo. Nililisikia nikiwa mwanafunzi, nikanyamaza, nikaja kulitumia.

Tangu siku hiyo, mwanafunzi akiripoti kwangu asubuhi ya kwanza, kabla ya kumwonyesha choo na mahali pa kuweka mkoba, namuuliza alifundishwa namba gani nami namwambia yangu. Namuuliza pia kitovu alifundishwa kukikata lini. Mimi nilifundishwa kukibana mtoto akishatoka tu. Wao wanafundishwa kungoja dakika 1 hadi 3. Tunaelewana hapo mapema, mama akiwa hayupo.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya mikono. Kitandani walilaza sanamu ya kufundishia, chini yake shuka, pedi mbili na beseni dogo, vyote vimelowa maji ya rangi nyekundu yaliyotiwa wanga yawe mazito. Tukaambiwa tupite mmoja mmoja, tutazame, tuandike kwenye karatasi mama amevuja kiasi gani. Nilitazama kwa makini. Nimeona damu ya uzazi zaidi ya miaka 28, wanafunzi wangu wengi hawajaishi miaka hiyo. Niliandika mililita 350. Karatasi zilipokusanywa, walezi tulikuwa kati ya 200 na 500, hakuna aliyevuka. Kisha binti mmoja wa chuo, miaka yake 21, akatandika chini ya sanamu ya pili ile shiti ya plastiki yenye mfuko wa vipimo, maji yaleyale yakamiminwa, akainama akasoma mstari kwa sauti ndogo: “Mia nane.”

Mililita 500 ndizo zinazotufanya tuite msaada. Kwa macho yangu, mama huyo ningemfunika blanketi nikaenda kuandika faili.

Waliosoma majarida wanaufahamu utafiti wa E-MOTIVE, wa kuvuja damu baada ya kujifungua, uliochapishwa 2023. Ulifanyika katika hospitali 80 za nchi nne, Kenya ikiwemo, pamoja na Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 210,000. Palipotumika shiti ya vipimo pamoja na matibabu yote yanayotolewa kwa mpigo, yaani kusugua mfuko wa uzazi, dawa za kuukaza, asidi ya traneksami ya kupunguza kuvuja, dripu na kuchunguza damu inatoka wapi, kuvuja kulitambuliwa kwa wanawake 93 kati ya kila 100 waliovuja. Kwa njia ya kawaida ni 51. Matokeo mabaya yalipungua kwa asilimia 60. Nilikuwa nimeusikia kwenye semina nikaandika daftarini. Kuusikia sio sawa na kumtazama binti wa miaka 21 akikusomea namba huku karatasi yako ya 350 iko mezani na jina lako juu yake. Sikuona haya. Niliogopa, nikiwakumbuka akina mama fulani kwa sura.

Mlezi mmoja wa Kayole aliuliza swali la haki: hizo shiti wodini zinatoka wapi? Matroni akajibu kwamba zikikosekana, chukua mizani ya watoto, pima pedi na shuka zilizolowa, toa uzito wa zikiwa kavu, na kila gramu ihesabu kama mililita moja. Haifiki ubora wa shiti lakini inayapita macho. Hilo nimelianza kazini Jumatatu iliyofuata na tunaendelea nalo.

Mchana wa siku hiyo mambo yakageuka. Mwenzetu mmoja alikuwa mjamzito wa miezi minane, akakubali tusikilize mapigo ya mtoto wake. Mashine ndogo ya kusikilizia ilikuwa imeisha betri, kama inavyoisha kila mahali. Kwenye sanduku kulikuwa na ile pembe ya mbao ya Pinard. Kati ya wanafunzi tisa, sita hawakuwahi kuiweka sikioni. Yule binti wa mia nane alikuja kwangu, akaniambia, “Sista, nionyeshe.” Nikamwonyesha. Kwanza tafuta mgongo wa mtoto kwa viganja, upande ulio laini na mrefu. Upande wenye vifundovifundo ni mikono na miguu, uache. Weka pembe hapo, ibane kwa sikio lako, kisha toa mkono kabisa, usiishike, kidole kikigusa mbao utasikia kidole. Mkono wako sasa mshike mama kifundo cha mkono, usikie mapigo yake, ili usije ukamhesabu mama ukidhani ni mtoto. Funga macho. Hesabu dakika nzima. Kati ya 110 na 160 uko salama.

Alikaa ameinama muda mrefu, chumba kizima kimenyamaza. Akainua kichwa: “Mia na thelathini na nane. Kama cherehani ya jirani.” Nimefundisha pembe hiyo miaka yote na sijawahi kusikia ikielezwa vizuri hivyo. Sasa hivyo ndivyo ninavyowaambia wanaokuja: sikiliza cherehani ya jirani.

Jumamosi ya nne ilihusu namna ya kumsahihisha mtu. Walitufundisha mbinu ya dakika moja, iliyoandikwa na madaktari wa familia wa Marekani mwaka 1992, na ingawa imetoka mbali inakaa vizuri kwenye wodi yenye haraka kama zetu. Unamwacha mwanafunzi aseme anachoona yeye kwanza. Unamuuliza amekijuaje. Unampa kanuni moja, moja tu. Unamwambia alichofanya sawa. Unamwambia alichokosea na namna ya kukirekebisha. Tulifanya majaribio wawiliwawili, nami nikapeleka kisa changu cha simu kilivyotokea, bila kujipunguzia. Tuliyekuwa naye ni kijana wa chuo kimoja cha mjini. Aliniambia kitu ambacho sikukitegemea: “Lakini Sista, hata yeye alikosa. Wewe ungejuaje anaangalia nini? Simu haisemi.”

Tukatengeneza kanuni pamoja pale mezani. Simu ikitoka mfukoni, sauti itoke nayo: “Nahakikisha magnesiamu.” Mlezi ajibu: “Soma.” Mwanafunzi anasoma kwa sauti, wote wawili wanasikia, dawa inavutwa. Inachukua sekunde kumi. Mama mzazi na jamaa zake nao wanasikia kinachofanyika, hawabaki wakidhani muuguzi anachati.

Walipitia upesi suala la lugha, na hapo ningetaka waketi zaidi. Wanafunzi wetu wanaongea Sheng na wagonjwa vijana na wanafunguliwa mioyo kwa dakika mbili, wanaambiwa habari za dawa za kienyeji na mimba zilizotoka ambazo sisi hatuambiwi. Kisha wanakwenda kitanda cha pili na kumwita mwanamke wa miaka 45 “mathe”, na yule mama anageukia ukuta. Hayo yote mawili yanafaa kufundishwa. Slaidi zote zilikuwa za Kiingereza, wakati kazi yenyewe tunaifanya kwa Kiswahili kutwa nzima.

Sasa madai yangu. Tuliahidiwa cheti na pointi za kuhuishia leseni ndani ya siku 14. Mimi nilipata baada ya wiki tisa, jina la pili limekosewa, na nikaambiwa nilipe shilingi 500 kichapishwe upya. Nimekataa kulipa, nimewaandikia barua, na nangoja. Wenzangu wawili hawajapata kabisa. Watu wanaofundisha wengine kutoa majibu kwa wakati hawana udhuru hapo.

La pili ni zito zaidi. Kozi inazungumza kana kwamba mlezi ana mwanafunzi mmoja. Mimi wiki nyingine nina kumi na mmoja, kutoka vyuo vitatu, na akina mama saba wenye uchungu, na tuko wauguzi wawili. Mbinu ya dakika moja mara kumi na moja ni dakika kumi na moja ambazo sina. Nililiuliza, nikajibiwa nianze na mmoja. Ndivyo nilivyofanya na inasaidia, lakini jibu hilo lilipaswa kuelekezwa kwa vyuo vinavyotuma wanafunzi bila kuhesabu vitanda, na kwa wakuu wa hospitali ambao hakuna hata mmoja aliyeketi nasi.

Kwa bei ile, Jumamosi tatu kati ya nne zilistahili kila shilingi. Ya kwanza ningeifuta. Ukijisajili, uliza kama matroni bado anafundisha. Akiwa hayupo, ngoja awamu nyingine. Na kama hospitali yenu inaweza kupeleka watu wawili, ipeleke mmoja wa sentimita 3 na mmoja wa sentimita 5, waketi pamoja, warudi pamoja.

Kazi ya nyumbani ya mwisho ilikuwa kumtafuta mwanafunzi mmoja tuliyemuumiza. Nilipata namba ya yule kijana kupitia kwa mwalimu wake. Amemaliza, amepata kazi ya mkataba katika kituo kidogo huko Kitui. Nilimwandikia kwamba nilimfokea kwa kosa ambalo hakulifanya, mbele ya watu, na kwamba nilijua asubuhi ileile na sikumwambia. Alijibu baada ya siku mbili: “Asante Sista. Nimeshukuru.” Nikafikiri imekwisha hapo.

Wiki tatu baadaye, saa sita na nusu za usiku, simu yangu ikalia. Alikuwa zamu peke yake. Ana mama wa kifafa cha mimba, amempa dozi ya kwanza ya magnesiamu, gari la wagonjwa liko njiani, saa nne tangu dozi hiyo zimetimia na dozi ya pili iko kwenye sindano. Mkojo wa saa hizo nne ni mililita 80. “Sista, nimdunge?”

“Usidunge,” nikamwambia. “Mkojo hautoshi, tunataka angalau 30 kila saa. Gonga goti lake, linaruka? Sasa mhesabie pumzi dakika nzima, nakusikiliza.”

Tulibaki kwenye simu mpaka saa nane na robo, gari lilipoingia.